Mapigo na Fremu: Uchaguzi wa Programu za Sauti kwa Muziki na kwa Filamu

Swali linaloulizwa mara nyingi zaidi katika studio za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kuhusu programu za sauti, yaani programu za kompyuta zinazotumika kurekodi, kukata, kupanga na kuchanganya sauti, ni lile la kutaka kujua ipi iliyo bora kuliko zote. Swali hilo haliwezi kujibiwa kabla ya kujulikana mambo mawili: kazi inayofanywa hupimwa wakati wake kwa kipimo gani, na ikikamilika itakabidhiwa kwa nani. Mtayarishaji wa muziki, ambaye studio humwita prodyuza, na mhariri wa sauti za filamu wanaweza kukaa mbele ya kompyuta za aina moja na kuvaa hedifoni za aina moja, lakini mmoja hutumikia mapigo na mwingine hutumikia picha. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba tofauti hiyo, pamoja na matakwa ya mpokeaji wa kazi, ndiyo inayopaswa kuongoza uchaguzi, na kwamba bei, umaarufu na wingi wa ala zilizomo ndani ya programu ni mambo ya kuzingatiwa baadaye.

Programu hizi zina asili mbili, na nyingi kati ya zinazouzwa leo bado zina tabia za ukoo zilikotoka. Ukoo wa kwanza ulianzia mwaka 1983, pale watengenezaji wa ala za kielektroniki, wakiwamo Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, walipokubaliana juu ya lugha moja ya ala iitwayo MIDI, ambayo haibebi sauti yenyewe ila maagizo: noti ipi ipigwe, kwa nguvu gani, na iachwe lini. Kompyuta za wakati huo hazikuwa na nafasi ya kuhifadhi sauti nyingi, lakini ziliweza kuhifadhi maelfu ya maagizo, na ndipo kampuni ya Steinberg ya Hamburg ilipotoa Cubase mwaka 1989 kwa ajili ya kompyuta ya Atari. Wajerumani wengine walitengeneza programu iliyokuja kuitwa Logic, ambayo kampuni yake, Emagic, ilinunuliwa na Apple mwaka 2002, na tangu hapo haikuendelezwa tena kwa kompyuta za Windows. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji ilitoa FruityLoops, ambayo ilianza kama kifaa kidogo cha kupanga milio ya ngoma katika hatua 16 na ambayo tangu mwaka 2003 inaitwa FL Studio, ingawa prodyuza wengi wa Bongo Fleva bado huiita Fruity. Ableton Live ya Berlin ikafuata mwaka 2001, ikilenga mwanamuziki anayetaka kuitumia kompyuta jukwaani kama ala.

Ukoo wa pili haukutokana na noti. Ulitokana na wembe na utepe wa sumaku, yaani kazi ya kukata sauti iliyokwisha kurekodiwa na kuiunganisha upya. Kampuni ya Digidesign ya California, iliyoanzishwa na Peter Gotcher na Evan Brooks, ilitoa Sound Tools mwaka 1989, kisha Pro Tools mwaka 1991, ikiwa na traki nne tu. Na katikati ya miaka ya 1990 kampuni hiyo ilinunuliwa na Avid, ambayo tayari ilikuwa ikiuza mfumo wa kuhariri picha za filamu na televisheni. Ununuzi huo ndio ulioamua mengi, kwa kuwa picha na sauti ziliingia chini ya paa moja, na vyumba vya sauti vya Hollywood vikaizoea Pro Tools kiasi kwamba mafaili yake yakawa ndiyo lugha ya makabidhiano. Fairlight ya Sydney ilipita njia ya ajabu kidogo: ilianza mwaka 1979 kama ala ya muziki ya kidijitali yenye bei ambayo mwanamuziki wa kawaida asingeimudu, ikahamia katika sauti za filamu na televisheni, na baada ya kununuliwa na Blackmagic Design mwaka 2016 ikawekwa ndani ya programu ya kuhariri picha iitwayo DaVinci Resolve. Steinberg nayo, bila kuiacha Cubase, ilitengeneza Nuendo kwa ajili ya kazi za picha.

Katika programu za ukoo wa kwanza, mstari wa wakati ulioko juu ya kioo huhesabiwa kwa mapigo, na mwendo wa wimbo hutajwa kwa idadi ya mapigo katika dakika moja. Prodyuza akibadili mwendo kutoka mapigo 95 hadi 100, maagizo yote ya MIDI husogea yenyewe, na vipande vya sauti vilivyorekodiwa huweza kubanwa ili vifuate. Filamu haina ruhusa ya namna hiyo. Wakati wake huhesabiwa kwa fremu, yaani picha mojamoja zinazopita mbele ya macho, na kila fremu ina anwani yake ya saa, dakika, sekunde na namba, anwani ambayo mafundi huiita taimukodi na ambayo ilisanifishwa na SMPTE, chama cha wahandisi wa filamu na televisheni cha Marekani. Bunduki ikifyatuliwa katika fremu ya tisa ya sekunde fulani, mlio wake hauna mahali pengine pa kukaa.

Mgongano wa vipimo hivi viwili huonekana wazi katika singeli, muziki wa Dar es Salaam ambao mwendo wake mara nyingi huzidi mapigo 200 kwa dakika, na ambao wasikilizaji wengi wa nje ya nchi waliufahamu kupitia mkusanyiko wa Sounds of Sisso uliotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kwa mwendo wa mapigo 200, pigo moja huchukua sekunde 0.3; katika picha ya fremu 25 kwa sekunde, ambayo ndiyo kasi ya televisheni za Afrika Mashariki, pigo hilo ni sawa na fremu saba na nusu, kwa hiyo pigo moja likianguka mwanzoni mwa fremu, linalofuata huanguka katikati. Kwa mwendo wa mapigo 125, pigo moja ni fremu 12 kamili, na mhariri anaweza kukata picha juu ya kila pigo bila kuonea upande wowote. Mtunzi wa muziki wa filamu aliyeizoea hesabu hii huchagua mwendo baada ya kuitazama picha, na huhitaji programu iliyoweka mapigo na taimukodi bega kwa bega juu ya kioo kimoja, jambo ambalo Cubase, Logic na Reaper hulifanya vizuri na ambalo katika FL Studio bado ni la kubahatisha.

Hapa pana jambo linalosahauliwa na wanaoigawa dunia ya sauti katika muziki upande huu na filamu upande ule. Si muziki wote unaoishi kwa mapigo ya kompyuta. Kikundi cha taarabu kama Ikhwani Safaa cha Zanzibar, kilichoasisiwa mwaka 1905, hupiga kwa mwendo unaopumua, ukikaza hapa na kulegea pale kwa kumfuata mwimbaji, na ala za nyuzi kama udi na kanuni hutumia sauti zilizo kati ya vibonye vya kinanda cha Kizungu, ilhali programu nyingi za ukoo wa kwanza hudhani kwamba oktava ina sauti 12 tu. Anayemrekodi mpiga kanuni kwa ustadi hana haja na jedwali la hatua 16. Anachohitaji ni programu ya kupokea traki nyingi kwa pamoja, kukata bila kuacha kovu, na kuuacha wakati wa wanamuziki kama ulivyo. Mrekodi huyo, japo anafanya muziki, mahitaji yake yanafanana zaidi na ya mhariri wa filamu kuliko ya prodyuza wa biti.

Kasi za fremu zenyewe haziafikiani. Sinema ya kimataifa hutumia fremu 24, televisheni za nchi zilizorithi mfumo wa Ulaya hutumia 25, na kazi nyingi za Marekani hupita kwa 23.976, tarakimu iliyotokana na marekebisho yaliyofanywa ili televisheni za rangi zipokelewe na mitambo iliyokuwapo. Filamu ya dakika 100 iliyopigwa kwa fremu 24, ikirushwa kwa fremu 25 bila kugeuzwa kwa uangalifu, huisha baada ya dakika 96, na sauti za waigizaji hupanda kwa zaidi ya theluthi moja ya toni. Tofauti kati ya 24 na 23.976 huonekana ndogo mno mpaka ihesabiwe kwa saa nzima, ambapo hufikia sekunde 3.6, na kwa mujibu wa mapendekezo ya shirika la mawasiliano la kimataifa, ITU, mtazamaji huanza kugundua kasoro pale sauti inapoitangulia midomo kwa milisekunde 45 tu, au inapochelewa kwa milisekunde 125. Mhariri anayetumia programu isiyomwonyesha kasi ya fremu anafanya kazi gizani.

Kasoro ya namna hiyohiyo hutokana na idadi ya sampo, yaani vipimo vya sauti vinavyochukuliwa katika kila sekunde. Muziki ulirithi 44,100 kutoka kwenye CD, ilhali filamu na video hutumia 48,000. Programu yenye adabu hugeuza yenyewe au humwonya mtumiaji. Isiyofanya hivyo huucheza wimbo wa 44,100 kana kwamba ni wa 48,000, na saa moja ya sauti ikawa dakika 55 na sekunde saba na nusu. Prodyuza anayeandaa wimbo wa filamu anashauriwa aanze na 48,000 tangu siku ya kwanza, kwa kuwa hakuna anachopoteza.

Tofauti ya kina zaidi imo katika malighafi. Prodyuza wa muziki huanza na ukimya na kuujaza: anaunda ngoma, besi na vinanda kutoka kwenye ala zilizomo ndani ya kompyuta, kisha anamwita mwimbaji, na kila sauti iliyopo ipo kwa sababu aliitaka. Mhariri wa filamu huanza na kelele zilizoletwa na wengine. Hupokea mazungumzo yaliyorekodiwa uwanjani, mara nyingi yakiwa na jenereta la jirani, bodaboda inayopita, kunguru wa Dar es Salaam na adhana iliyoanza katikati ya sentensi. Na kazi yake ya kwanza ni kusafisha, kulinganisha na kujificha. Baada ya hapo huweka hewa ya mahali, yaani ile sauti tulivu ya chumba au mtaa ambayo mtazamaji haisikii mpaka ikosekane. Huweka milio ya vitu. Na huwaita watu wa kupiga nyayo, misuguano ya nguo na mishindo ya vyombo wakiitazama picha, kazi ambayo ulimwenguni kote imepewa jina la Jack Foley wa studio za Universal, aliyeianza filamu ya Show Boat ya mwaka 1929 ilipotiwa sauti. Waigizaji ambao maneno yao hayakuokoleka huitwa studio kuyasema upya, wakifuata midomo yao wenyewe.

Kwa kazi hiyo, wingi wa ala za muziki ndani ya programu hausaidii chochote. Kinachosaidia ni mambo ambayo hayamo katika matangazo ya biashara: kusogeza kipande cha sauti fremu moja mbele au nyuma kwa kubonyeza kitufe kimoja, kuzikagua rekodi zote za tukio moja na kuchagua neno kutoka hii na pumzi kutoka ile, kuandika na kusahihisha viwango vya sauti sekunde kwa sekunde katika traki mia mbili bila kompyuta kuzimia. Pro Tools ilijijengea sifa yake katika mambo haya, na ndiyo sababu wahariri huitetea licha ya malalamiko yao yasiyokwisha juu ya bei yake. Hata hivyo, wenye Pro Tools pia hununua RX ya kampuni ya iZotope kwa ajili ya kusafisha mazungumzo, kwa kuwa humwonyesha fundi sauti kama picha ambayo mlio wa honi unaweza kufutwa humo bila kuligusa neno lililo jirani yake. Ieleweke lakini kwamba hakuna programu iliyowahi kuigeuza rekodi ya maikrofoni ya kamera iliyosimama mita tano kutoka kwa mwigizaji ikawa mazungumzo ya kusikika sinemani. Udhaifu wa sauti katika filamu nyingi za Bongo haukuzaliwa kwenye kompyuta.

Makabidhiano kati ya mhariri wa picha na wa sauti ni mahali pengine ambapo programu za muziki huanguka. Mhariri wa picha akimaliza, hatoi wimbo mmoja mrefu wa sauti. Hutoa faili la aina ya AAF, ambalo hubeba orodha ya vipande vyote, mahali pa kila kimoja kwa taimukodi, na sekunde kadhaa za ziada kabla na baada ya kila mkato ili mhariri wa sauti apate pa kushika. Pro Tools, Nuendo, Logic na Fairlight huyapokea mafaili haya. FL Studio haiyapokei, na Reaper huyapata kupitia kigeuzi cha kando. Hata baada ya kupokewa, picha hubadilika: mwongozaji huondoa tukio la dakika mbili wiki moja baada ya kuapa kwamba amefunga picha, na vipande elfu kadhaa vya sauti hutakiwa vihame pamoja na picha. Nuendo ina zana yake ya kufanya uhamisho huo kwa kulinganisha orodha ya mikato ya zamani na mpya, wakati kwa Pro Tools mafundi wamezoea kutumia vyombo vya pembeni. Anayetaka kujua kama programu fulani inaifaa filamu anaweza kuacha vipengele vingine vyote na kuuliza hiki kimoja: picha ikibadilika, sauti zitafuatana nayo vipi?

Ukubwa wa sauti nao una sheria tofauti kwa kila mpokeaji. Kizio kinachotumika leo huitwa LUFS, ambacho hupima jinsi sikio linavyoihisi sauti kwa muda mrefu, tofauti na mita za zamani zilizotazama kilele peke yake. Spotify husawazisha nyimbo karibu na LUFS -14. Muungano wa vituo vya utangazaji vya Ulaya, EBU, kwa pendekezo lake R128 la mwaka 2010, uliweka -23 kwa televisheni. Netflix hutaka -27, ikipimwa juu ya mazungumzo, na kilele kisizidi -2; na kazi za Afrika Mashariki zilipoanza kuingia huko, kama tamthilia ya Kenya ya Country Queen ya mwaka 2022, masharti hayo yaliacha kuwa habari za mbali. Sinema zina desturi nyingine, ambapo chumba chenyewe husawazishwa ili mlio wa majaribio wa kiwango maalumu utoke kwa desibeli 85 kutoka kila spika ya mbele, na fundi akichanganya kwa sikio katika chumba hicho, ukubwa hujipanga wenyewe. Prodyuza aliyezoea kuusukuma wimbo mpaka ukutani ili ushindane redioni atakabidhi filamu ambayo mnong'ono wake na mlipuko wake vina ukubwa mmoja, na itarudishwa. Mita za LUFS sasa zimo katika programu nyingi, nyingine bila malipo, hivyo kukosa mita si kisingizio tena. Kigumu ni kupata chumba.

Kuhusu idadi ya spika, mpaka wa zamani umefifia. Kwa miaka mingi muziki ulikuwa wa spika mbili, na filamu ilikuwa ya sita au zaidi, lakini Dolby Atmos, iliyoingia sinemani mwaka 2012 na filamu ya Brave ya Pixar na ambayo huruhusu sauti kuelekezwa mahali popote chumbani, hata juu ya dari, iliingia pia Apple Music mwaka 2021, na mwaka huohuo Logic ikawekewa uwezo wa kuitengeneza. Anayenunua Pro Tools aangalie toleo, kwani lile la chini, Artist, huishia kwenye spika mbili.

Suala la mpokeaji lina uzito wa pekee kwa watumiaji wa Kiswahili, nalo linahusu mafungu. Filamu iliyokamilika kitaalamu haikabidhiwi ikiwa mchanganyiko mmoja tu. Hukabidhiwa pia ikiwa na mafungu matatu yaliyotenganishwa, yaani mazungumzo, muziki na vishindo, na zaidi ya hayo fungu maalumu la muziki na vishindo pamoja, lisilo na neno hata moja la mwigizaji. Fungu hilo ndilo linalowezesha filamu kutiwa lugha nyingine. Mwaka 2011 Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, liliporusha tamthilia ya Kichina iliyomhusu Doudou na wakwe zake ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, watazamaji walisikia waigizaji wakisema Kiswahili huku milango, magari na muziki wa awali wa tamthilia vikiendelea nyuma yao. Kwa upande mwingine, filamu zinazosimuliwa na watafsiri wa Dar es Salaam na Nairobi, na ma-VJ wa Kampala, huwa na sauti moja ya msimulizi iliyolazwa juu ya kila kitu, ikishusha mazungumzo na muziki kwa pamoja kila anapofungua kinywa. Usimulizi huo umekuwa sanaa yenye mashabiki na mastaa wake, na si haki kuupima kwa rula ya kutia sauti. Lakini kiufundi ulizaliwa na ukosefu wa mafungu, kwa kuwa msimulizi hakupewa chochote isipokuwa filamu iliyokwisha kuchanganywa.

Sasa mwelekeo umeanza kugeuka, na filamu za Kiswahili nazo zinatafuta wanunuzi wanaotaka kuzitia Kifaransa, Kireno au Kiarabu. Mtayarishaji anayeulizwa fungu la muziki na vishindo mwaka mmoja baada ya filamu kutoka, wakati mradi ulifanywa katika programu ya muziki kwa kurundika kila kitu katika traki zisizo na majina, hana cha kutoa. Nyayo zilizorekodiwa pamoja na mazungumzo huondoka pamoja nayo, na mwigizaji wa Kifaransa atatembea kama jini. Programu za filamu humrahisishia fundi kuzipanga traki kwa mafungu tangu mwanzo na kuyatoa yote kwa mkupuo mmoja yakiwa na urefu sawa na taimukodi moja. Na hata Reaper, kwa mwenye subira ya kuipanga, hufanya hivyo. Kwa maoni ya mwandishi wa mhadhara huu, sifa hiyo moja ina thamani kubwa kwa soko la Kiswahili kuliko ala elfu moja za bure.

Bei huja mwishoni, ingawa ndiyo inayozungumzwa kwanza. Reaper, iliyoanzishwa na Justin Frankel, mtunzi wa programu ya kuchezea muziki ya Winamp, inauzwa dola 60 za Marekani kwa mtu binafsi na kwa biashara yenye mapato yasiyozidi dola 20,000 kwa mwaka, na dola 225 kwa wengine, baada ya siku 60 za kuijaribu bila kizuizi. DaVinci Resolve ina toleo la bure lenye ukurasa wa Fairlight ndani yake. FL Studio hulipiwa mara moja na masasisho yake ya baadaye hayalipiwi, jambo linalostahili sifa kwa studio ambayo kipato chake hakina ratiba. Logic ni ya bei nafuu kwa anayemiliki tayari kompyuta ya Apple, na ni ghali sana kwa asiyeimiliki. Programu za wizi, zilizovunjwa leseni na kugawiwa kwa flashi, zimelea prodyuza wengi wa ukanda huu na haitafaa kujifanya kwamba hazikuwapo; ila mwenye kukabidhi kazi kwa kampuni ya nje husaini mkataba, na programu iliyoganda usiku wa kuamkia makabidhiano haina wa kumpigia simu.

Prodyuza wa biti abaki na FL Studio au Ableton Live bila kuona haya, kwani hakuna msikilizaji anayekagua faili la mradi wake. Mpokeaji wake hupokea wimbo, na wimbo ukisikika vizuri umesikika vizuri. Mtunzi wa muziki wa filamu achague Cubase au Logic, afungue picha ndani yake, na akabidhi mafungu ya 48,000 yenye taimukodi. Mhariri wa sauti za filamu anayetarajia kushirikiana na studio za Afrika Kusini, Ulaya au Marekani hana budi kujifunza Pro Tools, apende asipende, kwa sababu ndiyo atakayokutana nayo. Na anayefanya filamu za nyumbani mwanzo hadi mwisho, akihariri picha na sauti katika kompyuta moja, atafaidika zaidi na Resolve, ambako picha na sauti hazipotezani njiani. Kabla ya kununua chochote, kila mmoja wao amwombe mpokeaji wake karatasi ya masharti ya makabidhiano na kuisoma mstari kwa mstari. Studio inayoishi kwa kuchanganya nyimbo, matangazo ya redio na filamu fupi, na isiyomudu zaidi ya programu moja, ichukue Reaper, na fedha inayobaki inunue maikrofoni ya kurekodia mazungumzo na siku za kazi za fundi wa kuishika uwanjani.